Laptopu ya laki sita: soma namba, achana na stika

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea laptopu ambayo mfuniko wake ulikuwa bado na nailoni ya dukani. Aliinunua mpya, ndani ya boksi, kwa fedha za kikundi chao cha kukopeshana, na ilikuwa haijatimiza mwaka. Shida yake aliieleza kwa maneno machache: "Fundi, inaniambia imejaa, na mimi humo sijaweka kitu." Niliiwasha mbele yake, tukakaa kuisubiri mpaka kioo kitulie. Kweli hakuwa ameweka kitu. Diski ilikuwa ya GB 64, Windows na masasisho yake vimekula karibu yote, na mitihani aliyowatungia watoto wake haikufika hata GB moja. Nikaigeuza, nikafungua skrubu, nikamwonyesha ndani. Pale ambapo ningechomoa diski ndogo na kuweka kubwa palikuwa na chipu nyeusi iliyochomelewa kwenye bodi. RAM ya GB 4, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, nayo ilikuwa imechomelewa pembeni yake. Hapakuwa na cha kuongeza wala cha kubadilisha. Nilifuta mafaili ya muda, nikampatia nafasi kidogo, nikamwambia ukweli kwamba baada ya miezi michache atarudi.

Siku hiyohiyo mezani kwangu kulikuwa na ThinkPad ya mwaka 2018, ya mtumba, mali ya mwanafunzi wa chuo aliyeimwagia chai ya maziwa. Nilibadilisha kibodi, nikasafisha ndani, ikaondoka jioni. Mashine hizo mbili zilinunuliwa kwa fedha zinazokaribiana.

Watu wengi wakisema laptopu ya kuaminika humaanisha ile isiyoharibika. Kwa mtu mwenye fedha za kubana, mimi naipima kwa swali jingine: ikiharibika, fundi wa mtaani ataweza kuitengeneza, na kipuri chake kipo? Ukilishika swali hilo, mambo mengi yanayochanganya watu dukani yanaanza kunyooka.

Mashine za ofisini zinafikaje Kariakoo

Watengenezaji wakubwa wa laptopu wana koo mbili za mashine chini ya jina moja. Lenovo ana IdeaPad kwa matumizi ya nyumbani na ThinkPad kwa kazi. Dell ana Inspiron upande mmoja na Latitude upande wa pili. HP ana zile za Pavilion na HP 15, kisha ana ProBook na EliteBook. Mnunuzi akiona neno Dell au HP kwenye mfuniko hudhani amemaliza, kumbe bado hajajua ameshika ipi kati ya koo hizo mbili.

Ya nyumbani hutengenezwa ili ivutie rafuni kwa bei yake. Ya ofisini hununuliwa na kampuni kwa mamia, na mtu anayeamua ni mkuu wa kitengo cha kompyuta ambaye hajali rangi. Yeye anataka mashine ikikorofisha asubuhi iwe imepona kabla ya mchana. Kwa hiyo mfuniko wa chini hufunguka kwa skrubu chache, diski hutoka, RAM kwa modeli nyingi hutoka, bawaba ni imara, na kibodi za ThinkPad nyingi zina mifereji ya kutolea maji yakimwagika. Mwongozo wa kuifungua hatua kwa hatua uko bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. ThinkPad, Latitude na EliteBook hupimwa pia kwa vigezo vya MIL-STD-810 vya jeshi la Marekani, yaani kutikiswa, joto, vumbi na unyevu. Upimaji huo hauifanyi kuwa jiwe, lakini kwa mtu anayepanda daladala ya Mbagala kila siku na begi mgongoni, tofauti inaonekana kwenye bawaba baada ya mwaka mmoja tu.

Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine hizi kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Nyingi hazikununuliwa kabisa, zilikodiwa kwa mkataba, na mkataba ukiisha hurudishwa zote kwa pamoja. Hufutwa taarifa, hupangwa kwa madaraja, huuzwa kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi. Bei imeshuka sana, mwili bado una nguvu. Na kwa sababu zilitoka kwa maelfu zikiwa za aina moja, vipuri vyake vimejaa. Leo naweza kutoka dukani kwangu nikarudi na kioo cha EliteBook 840 G5 ndani ya saa moja. Kioo cha ile laptopu mpya ya mwalimu nilikitafuta siku tatu, sikukipata.

Namba baada ya kistari

Stika ya Core i7, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndiyo inayouza laptopu nyingi mjini, na ndiyo inayopotosha wengi. Intel, mtengenezaji wa prosesa hizo, anapoandika Core i5-8350U, kinachobeba uzito ni tarakimu zinazofuata kistari. 8350 maana yake ni kizazi cha 8. i7-6600U ni kizazi cha 6. Zikianza na 1 unasoma tarakimu mbili: 10210U ni kizazi cha 10, na 1135G7 ni cha 11.

Chukua prosesa mbili zilizotoka mwaka mmoja, 2017. Ya kwanza ni i7-7600U, ya pili ni i5-8250U. Ile i7 ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ile i5 ina vinne. Mwenye i7 analipa zaidi, kisha akifungua kurasa kumi za intaneti pamoja na Excel, mashine yake inakwama kabla ya ile ya mwenzake. Kizazi cha 8 ndipo Intel alipozipa prosesa za laptopu za kawaida viini vinne, na ndiyo sababu kwangu mimi ni mstari wa mpaka.

Mpaka huo una sababu ya pili. Microsoft alifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, huzikubali rasmi mashine za kizazi cha 8 na kuendelea, zenye chipu ya usalama ya TPM 2.0. Utakutana na mashine za kizazi cha 6 na Windows 11 ikiwa imewekwa juu yake, inawaka vizuri. Imewekwa kwa kuruka ukaguzi, na Microsoft haahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama. Anayeitumia kwa benki mtandaoni anastahili kujua hilo kabla hajatoa fedha. Ikiwa una laki tatu tu mkononi, kizazi cha 6 au cha 7 bado kinafaa, ila ningekishauri pamoja na Linux Mint, mfumo wa bure unaopokea masasisho yake bila kuuliza kizazi.

Kwa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa, tafuta neno Ryzen. Zilizoandikwa A4, A6 au E2 ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Na kwenye Ryzen za laptopu, anzia namba za 3000 kwenda juu, kwa mfano 3500U. Ile 2500U haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Jina la modeli nalo hukupa fununu ukiwa bado mlangoni. EliteBook 840 G3 kwa kawaida ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 cha 8. ThinkPad T460, T470 na T480 zinafuatana vivyo hivyo. Nasema fununu kwa sababu baadhi ya T480 na 840 G5 zilitoka na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo namba yenyewe lazima uione kwenye kioo kwa macho yako.

RAM na diski zinakwenda pamoja, na wengi hawajui zinahusianaje. RAM ikijaa, kompyuta haisimami. Inachukua baadhi ya kazi iliyokuwa ndani ya RAM na kuiandika kwenye diski, halafu inairudisha ukiihitaji. Kama diski ni ya zamani ya kuzunguka, HDD, kila safari ya namna hiyo inasubiri mkono wa chuma usogee na sahani izunguke hadi pale data ilipo. SSD haina kinachozunguka. Ndiyo maana mashine ya GB 8 yenye SSD inakuwa nyepesi kuliko ya GB 16 yenye HDD kwenye kazi nyingi za kila siku, tangu kuwaka kwake. Kiwango changu cha chini ni GB 8 na SSD ya GB 256. Ila cha kuuliza kabla ya ukubwa ni hiki: RAM inachomoka? ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, ndugu yake mwembamba, ina moja iliyochomelewa na nafasi moja. X1 Carbon yote imechomelewa, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Wembamba una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa siku unapotaka kuongeza.

Nusu saa kwenye kaunta

Mpwa wangu alinipigia simu alipopata nafasi ya chuo kusomea uhasibu. "Shikamoo mjomba. Baba amenipa laki sita ya laptopu, ameniambia nisinunue bila wewe." Tulikwenda Kariakoo Jumanne asubuhi, maana Jumamosi hakuna anayekuachia mashine uishike nusu saa. Mfukoni nilikuwa na flashi mbili. Moja ina Linux Mint, ambayo huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine. Nyingine ina programu ndogo ya kusoma afya ya diski.

Kijana wa duka alituwekea EliteBook inayong'aa. "Mzee, hii ni Core i7, RAM 16, SSD 512. Laki tano na themanini kwa ajili ya binti." Mpwa wangu alinitazama kwa furaha, na nilielewa kwa nini. Nikamwomba abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue ukurasa wa utendaji. Kwenye kioo paliandikwa i7-6600U. Kizazi cha 6, viini viwili. Nilimweleza palepale, kijana akisikia, na kijana hakubisha. Alikuwa anauza kile ambacho wateja humuulizia.

Tukaomba T480 iliyokuwa imekaa chini ya rafu. Rangi imefifia pembeni, kuna mkwaruzo kwenye mfuniko, na kibodi ni ya Kijerumani, herufi Z ipo mahali pa Y. Prosesa i5-8350U. RAM GB 8, na chini yake kioo kinaonyesha nafasi moja imetumika kati ya mbili. Hapo nilianza kuipenda.

Betri ndiyo watu huikosea zaidi, kwa sababu huamini asilimia ya chaji iliyo pembeni ya saa. Asilimia hiyo inakuambia betri imejaa kiasi gani leo, haikuambii imebakiwa na uwezo gani. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itakutengenezea ukurasa na kukuonyesha ulipohifadhiwa. Ndani yake kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaoweza kubeba sasa ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Chini ya asilimia 60 huwa nahesabu bei ya betri mpya papo hapo na kuiondoa kwenye bei ninayotaja.

T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka kwa kuvuta vitasa viwili, kwa hiyo ripoti yake ina safu mbili. Ya ndani ilitoka na mWh 24,000 hivi (mWh ni kipimo cha uwezo wa betri), imebaki na 19,500. Ya nje ilitoka na kiasi hichohicho, imebaki na 11,000. Mpwa wangu alisikitika. Nikamwambia ndivyo zinavyozeeka: mashine hii hutumia betri ya nje kwanza, ikiisha ndiyo inahamia ya ndani, hivyo ya nje huchakaa mapema. Na iliyochakaa ndiyo hiyohiyo unayoweza kuibadilisha ukiwa umekaa kitandani, bila bisibisi. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika jioni akiwa katikati ya kazi ya darasa, hilo ni jambo la maana.

Diski ikaja na hadithi yake. Programu ilionyesha imewashwa kwa saa 9,200, afya asilimia 95. Mtu wa ofisini akikaa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufikisha saa 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hii ilifanya kazi miaka minne na nusu, na namba hiyo inaendana na umri wa mashine. Ukikuta mashine ya 2018 yenye diski ya saa 12, ujue diski imebadilishwa, na uliza ni ya nani. SSD zisizo na jina zinazowekwa ili tangazo lisomeke GB 512 ndizo ninazozitoa mara nyingi kwenye mashine zilizogoma kuwaka.

Vingine vilikwenda haraka. Tulifungua ukurasa mtupu na kubonyeza kila kitufe. Tukajaribu kamera, spika, Wi-Fi, kila tundu. Nikafungua na kufunga mfuniko polepole nikisikiliza bawaba. Nikaiweka kwenye kaunta iliyonyooka nikaangalia kama inakaa sawa, maana betri iliyovimba huinua sehemu ya kugusia panya, na mashine ya namna hiyo hairuhusiwi hata kuchajiwa. Kioo kilikuwa cha 1920 kwa 1080. Hapa tahadhari: T480 nyingi zilitoka na kioo cha chini cha 1366 kwa 768, chenye rangi zinazobadilika ukiinamisha kichwa, na bei huwa ileile. Anayeshinda kwenye Excel atafurahia safu wima anazoziona bila kuburuta.

Tundu la USB-C nililikagua kwa muda mrefu zaidi. ThinkPad za miaka hiyo zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, aina ya USB-C yenye kasi kubwa, na Lenovo mwenyewe alitoa sasisho la kuirekebisha. Ambazo hazikusasishwa mapema zinaweza kufikia mahali tundu likafa. Nilichomeka chaja kwenye tundu moja, ikachaji, nikahamia la pili, ikachaji. Tukaendelea.

Kufuli usiloliona

Kuna mteja wangu mmoja aliyenunua Latitude nzuri sana, safi, ya kizazi cha 10, kwa bei iliyomshangaza. Akaitumia wiki mbili. Kisha akaamua kuweka Windows upya, na ilipounganishwa na intaneti kioo kikamkaribisha kwa jina la kampuni fulani ya Ulaya na kumtaka barua pepe ya kazi. Hakuweza kupita hapo. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni hiyo. Ama waliiuza bila kuiondoa kwenye orodha yao, ama haikuuzwa kabisa. Muuzaji alikuwa ameiwasha mara ya kwanza bila intaneti, kwa hiyo mlango huo haukujitokeza.

Kufuli hizi zina ngazi. Ya kwanza ni nywila ya BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba nywila na muuzaji hana, irudishe kwenye rafu. Kwa ThinkPad, nywila ya msimamizi ikipotea, Lenovo mwenyewe husema dawa ni kubadilisha bodi nzima. Mafundi wapo wanaoziondoa kwa kuandika upya chipu, nami nimeona zilizopona na zilizokufa mikononi mwao. Ya pili ni Computrace, huduma ya kufuatilia mashine kutoka mbali, ambayo sasa huitwa Absolute: ukiwa ndani ya BIOS, sehemu ya usalama, angalia kama imeandikwa imewashwa. Ikiwa imewashwa, mashine inaweza kufungwa kutoka mbali na mwenye mkataba wake. Ya tatu ni ile iliyompata mteja wangu, na njia ya uhakika ya kuijua ni kuirudisha Windows ilivyotoka kiwandani na kuiwasha upya ikiwa na intaneti. Inachukua muda. Muuzaji mwaminifu atakubali mkubaliane: unalipa, unaifanya kazi hiyo siku hiyohiyo nyumbani, jina la kampuni likitokea unarudisha na fedha zako zinarudi. Liandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine iliyo kwenye mfuniko wa chini. Risiti ya EFD yenye namba hiyo ndiyo itakayokutetea polisi wakikuuliza, au duka likikukana.

MacBook zina habari yake kwenye jambo hili. Za kuanzia 2018 nyingi zina chipu inayozifunga kwa akaunti ya mwenyewe, na kama mwenyewe hayupo kuiondoa, umenunua bati. Kwa bajeti tunayozungumzia mimi sizigusi, maana hata zilizo safi RAM na diski zake zimechomelewa. Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google, kwa upande wake, huzaliwa na tarehe ya mwisho ya masasisho. Itafute tarehe hiyo kwa jina la modeli kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini sana zimeshaipita.

Chaja ni sehemu ya mashine

Naiweka chaja peke yake kwa kuwa imeshaleta watu wengi mezani kwangu wakilalamikia prosesa. Chaja za Dell huzungumza na mashine kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa chake. Dell akipewa chaja asiyoitambua, huandika kwenye kioo kwamba aina ya chaja haijulikani, hukataa kuchaji betri na huishusha kasi ya prosesa ili kujilinda. Mtu anaona laptopu nzito, anaambiwa aongeze RAM, anaongeza, uzito uko palepale. Tatizo lilikuwa chaja ya bandia ya elfu chache. Ukinunua, chomeka chaja utakayoondoka nayo, siyo ya kaunta, na uangalie betri inapanda. Plagi ya Marekani au ya Ulaya isikutishe. Soma kwenye chaja yenyewe: ikiandikwa 100-240V inafaa kwa umeme wetu wa volti 230, badilisha waya wa kwenda ukutani tu. Adapta zile ndogo zinazolegea kwenye tundu ziepuke, cheche zake huanza kidogo kidogo.

Kijana alitaka laki tano kwa ile T480. Nilimwonyesha ripoti ya betri ya nje na kibodi ya Kijerumani, naye akaniambia kweli kwamba kibodi hizo ndizo zinazozifanya zikae dukani. Tulifunga kwa laki nne na sitini, risiti, namba ya mashine, na siku saba za kurudisha.

Zilibaki laki moja na arobaini, na hili ndilo ningependa kila mwenye laki sita alisikie: usizimalize zote kaunta. Mashine ya mtumba humaliziwa nyumbani. Jioni ile tuliirudisha Windows upya ikiwa na intaneti, na hakuna kampuni iliyojitokeza kudai chake. Mashine za ofisini nyingi huja na leseni halali ya Windows iliyofungamana na bodi yake, kwa hiyo Windows ilijithibitisha yenyewe. Office sikumwekea ile ya kuvunjwa ambayo duka lilitaka kumwekea bure. Zile programu za kuvunjia leseni ndizo njia ninayoikuta mara nyingi virusi vikipitia, na mwanafunzi wa uhasibu hapaswi kupoteza kazi zake za muhula kwa sababu hiyo. Tulianza na LibreOffice, programu ya bure ya kazi kama za Office, na chuo chake kilipompa barua pepe akaangalia kama kina mkataba wa Office kwa wanafunzi.

Je, hakuna laptopu mpya ya bei ya chini inayofaa? Zipo chache. Ikiwa na prosesa ya Intel N100, ya mwaka 2023, yenye viini vinne, RAM GB 8 na SSD ya kuchomoka, itamtosha mtu wa kuandika, kusoma na kutazama masomo ya video, na ina betri mpya. Angalia tu kwamba kwenye maelezo ya diski hapajaandikwa eMMC, yaani ile chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye bodi. Hilo ndilo neno lililokuwa kwenye boksi la mwalimu, kwa herufi ndogo, upande wa chini.

Kibodi ilimsumbua mpwa wangu wiki mbili za kwanza. Windows ilikuwa inasoma mpangilio wa Kiingereza, vitufe vimechapwa Kijerumani, kwa hiyo kila alipotafuta Z kwa macho ilitoka Y, na kazi yake ya kwanza ya darasa ilianza kwa jina Yawadi. Kibodi ya Kiingereza ilipatikana, tukaifunga Jumamosi moja sebuleni kwangu, yeye akishika skrubu ndani ya kifuniko cha chupa ya maji zisipotee. Betri mpya ya nje aliisukuma mahali pake ikalia tak. Mfuniko wa chini ulikuwa bado wazi, nikamwonyesha ile nafasi ya pili iliyokuwa tupu, nikampa kipande cha RAM cha GB 8 na kumwambia akishike kwenye kingo. Alikiingiza kwa mshazari, akakilaza taratibu mpaka vishikizo vya pembeni vikakibana, kisha akainua macho kuniuliza kama ndiyo imekwisha.